Ganda Tupu ni Mali ya Nani? Historia Fupi ya Katriji za Wino na Taka Zake

Hakuna ofisi ya serikali, shule, mahakama wala chuo kinachoweza kufanya kazi juma zima bila printa. Hukumu, mitihani, tasnifu, hati za viwanja, mihtasari ya vikao na fomu za kugombea uongozi, yote hayo hupitia katika kijisanduku cha plastiki kilichobeba wino wa maji au unga mweusi tunaouita tona. Wino ukiisha, kijisanduku hutolewa, kingine huwekwa, na kile cha kwanza husahauliwa. Anayefungua boksi jipya mara nyingi hukuta humo maelezo yanayomsihi arudishe katriji tupu kwa mtengenezaji ili irejelezwe na mazingira yanusurike. Wito huo ni mwema. Lakini una historia yake, na historia hiyo haisimuliwi kwenye boksi.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba urejelezaji wa katriji haukuzaliwa katika mjadala wa mazingira peke yake. Ulikua sambamba na ugomvi wa kibiashara uliohusu swali moja: ganda tupu ni mali ya nani? Jibu la swali hilo ndilo lililoamua, na bado linaamua, kiasi cha taka kinachobaki duniani baada ya sisi kuchapisha nyaraka zetu.

Kabla ya kuendelea, ni vyema tutenganishe mambo mawili ambayo hotuba nyingi huyachanganya. Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki anaikumbuka soda ya chupa ya kioo. Uliinywea dukani, au uliacha fedha ya chupa na kuondoka nayo. Chupa tupu ilirudi kwenye kreti, kreti ikarudi kiwandani, chupa ikaoshwa na kujazwa upya. Huko ni kutumia tena. Kurejeleza ni jambo jingine: ni kuivunja ile chupa, kuiyeyusha kwa moto mkali, na kutengeneza chupa mpya au kitu kingine kabisa. Njia zote mbili ni bora kuliko kutupa. Lakini ya kwanza inahifadhi kazi na nishati iliyokwisha kutumika kutengeneza chupa, na ya pili inahifadhi malighafi tu. Katika historia ya katriji, neno “kurejeleza” limetumika mara nyingi kufunika tofauti hiyo.

Turudi nyuma kidogo. Mashine za kuchapisha na kunakili hazikuzaliwa na katriji za kutupwa. Chester Carlson alipofanikiwa kunakili maandishi kwa njia ya umeme tuli huko Astoria, New York, tarehe 22 Oktoba 1938, alitumia bamba la metali na unga mkavu. Uvumbuzi wake ulichukua zaidi ya miaka 20 kuingia sokoni kwa nguvu, kupitia mashine ya Xerox 914 iliyotangazwa mwaka 1959. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300, nayo makampuni mengi yaliikodi badala ya kuinunua. Unga ulipopungua uliongezwa, na kifaa kilipochakaa fundi aliitwa. Hapa kwetu, kwa miaka mingi ofisi ziliendelea na taipu na stenseli, na wino wa kudurufia ulinunuliwa peke yake na kuongezwa kwenye mashine. Wino ulikuwa bidhaa. Chombo kilikuwa cha kudumu.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1982. Kampuni ya Canon ya Japani ilitoa mashine ndogo za kunakili, PC-10 na PC-20, zilizokusudiwa watu binafsi na ofisi ndogo zisizo na fundi. Ili kumwondolea mteja usumbufu wa matengenezo, wahandisi waliziweka sehemu zote zinazochakaa haraka ndani ya sanduku moja: unga, ngoma ya aluminiamu inayopokea taswira, rola na visu vya kusafishia. Unga ukiisha, mteja hutoa sanduku zima na kuweka jipya. Miaka miwili baadaye, mwaka 1984, Hewlett-Packard ilitumia mtambo wa Canon kutengeneza printa yake ya kwanza ya LaserJet, na katriji ya namna hiyo ikaenea duniani.

Mwaka huohuo wa 1984 Hewlett-Packard ilitoa pia ThinkJet, printa ya wino wa maji. Kanuni yake ilikuwa imegunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na wahandisi wa Canon na wa Hewlett-Packard, kila upande kivyake: wino ukipashwa moto ghafla katika tundu dogo sana hutoa kiputo, na kiputo hicho husukuma tone hadi kwenye karatasi. Vitundu hivyo huziba na kuchakaa. Suluhisho la ThinkJet lilikuwa kukiweka kichwa chenyewe cha kuchapishia ndani ya katriji, ili kila unaponunua wino ununue na kichwa kipya.

Tuwatendee haki wahandisi hao. Walikuwa na tatizo la kweli na walilitatua vizuri: printa iliacha kuwa mali ya makampuni makubwa yenye mafundi wa kuajiriwa. Bila uamuzi ule, vibanda vya steshenari vilivyo kando ya kila chuo chetu visingekuwapo. Lakini uamuzi huo ulizaa matokeo mawili. La kwanza ni taka: ngoma, rola, gia na sanduku vyenye uwezo wa kuendelea na kazi vilitupwa kwa sababu tu unga umekwisha. La pili ni aina mpya ya biashara. Printa iliuzwa kwa bei ya chini, na faida ikatafutwa kwenye wino, tone baada ya tone. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Hapa aliyekuwa akimalizika ni mfuko wa mnunuzi.

Palipo na kitu kizima kinachotupwa, hapakosi mtu wa kukiokota. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, mafundi wadogo nchini Marekani walikuwa wakitoboa tundu kwenye katriji tupu za leza, wakimimina unga mpya, wakiziba tundu na kuziuza kwa bei nafuu. Kazi ya kwanza ilikuwa mbovu. Unga ulivuja na kurasa zilichafuka. Lakini ufundi ulikua. Wakaanza kuzifungua katriji, kuzisafisha, kubadili visu na ngoma zilizochoka na kuzijaribu kabla ya kuziuza. Ikawa sekta kamili ya wajazaji, na malighafi yake kuu ilikuwa ganda tupu.

Ni katika kipindi hichohicho ambapo watengenezaji walianzisha mipango ya kukusanya katriji zilizotumika: Canon mwaka 1990, Hewlett-Packard mwaka 1991. Sidai kujua yaliyokuwa mioyoni mwa wakurugenzi wao. Huenda dhamira ya mazingira ilikuwapo, na mipango hiyo imezuia plastiki nyingi isifike majalalani. Hewlett-Packard, kwa mfano, imekuwa ikichanganya plastiki ya katriji kuukuu na ya chupa za maji na kutengenezea katriji mpya. Lakini kwa miaka mingi kampuni hiyo haikuzijaza tena katriji ilizorudishiwa wala haikuziuza. Ilizisaga na kuzitenganisha kuwa plastiki na metali. Kwa hiyo kila ganda lililorudi kwake lilikuwa ganda ambalo mjazaji asingelipata. Kitendo kimoja kikawa na sura mbili: huduma kwa mazingira na silaha dhidi ya mshindani. Msomaji wa mambo ya siasa hatashangaa. Sera nyingi zilizodumu ni zile ambazo wema na maslahi vilikutana ndani yake.

Sura hiyo ya pili ilijitokeza waziwazi mwaka 1997, pale kampuni ya Lexmark ya jimbo la Kentucky ilipoanza kuuza katriji zake kwa punguzo la bei lenye sharti: mnunuzi aitumie mara moja tu, kisha airudishe kwa Lexmark na si kwa mwingine yeyote. Ili sharti lisibaki karatasini, katriji ziliwekewa chipu iliyoifanya printa ikatae katriji iliyojazwa na mtu baki. Kampuni ya Static Control ya North Carolina ikatengeneza chipu ya kuikwepa ile ya Lexmark. Lexmark ikaenda mahakamani ikitumia sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998, iliyotungwa ili kuzuia wizi wa kazi za kidijitali. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ilikataa tafsiri hiyo. Sheria ya kulinda kazi za sanaa na programu haikutungwa ili imlinde muuza tona.

Lexmark haikukata tamaa. Ikageukia sheria ya hataza. Miongoni mwa walioshtakiwa ilikuwa kampuni ndogo ya West Virginia iitwayo Impression Products. Wengi waliafikiana na Lexmark, yenyewe ikaendelea hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 30 Mei 2017 Jaji Mkuu John Roberts alisoma uamuzi: mwenye hataza akishakiuza kitu chake, haki yake ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha, hata kama aliweka masharti, na hata kama alikiuza nje ya nchi. Roberts alitoa mfano wa karakana inayotengeneza magari yaliyotumika na kuyauza. Biashara hiyo ingekufa iwapo kila mtengenezaji wa kipuri angebaki na haki ya kumshtaki mwenye karakana. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuipima hoja hiyo kwa kutazama barabara zetu zilizojaa magari yaliyotumika.

Kuna jambo la kando linalostahili kukumbukwa. Uamuzi ulipotolewa, Lexmark yenyewe ilikuwa imenunuliwa, mwishoni mwa mwaka 2016, na kundi la wawekezaji lililoongozwa na Apex Technology ya Zhuhai, Uchina. Apex ilikuwa mtengenezaji wa chipu za katriji zisizo za kampuni asili, na mwaka mmoja kabla ilikuwa imeinunua Static Control. Mahasimu wa mahakamani wakawa ndugu wa mwajiri mmoja. Mtaji hauna kinyongo. Unachouliza ni nani anayeimiliki njia ya mapato.

Ulaya ilichukua njia ya kutunga sheria. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya kuhusu taka za vifaa vya umeme na elektroniki, yaliyopitishwa Januari 2003, yalizitaka nchi wanachama kuhakikisha kwamba watengenezaji hawazuii, kwa usanifu wa makusudi, vifaa visitumike tena. Lakini sheria husafiri kwa mguu, na programu husafiri kwa intaneti. Mnamo tarehe 13 Septemba 2016, wamiliki wengi wa printa za OfficeJet za Hewlett-Packard waliamka na kukuta mashine zao zimekataa katriji za watu baki zilizokuwa zikifanya kazi jana yake. Programu ya ndani ya printa ilikuwa imepewa maagizo mapema. Kelele zikapigwa, kampuni ikaomba radhi kwa namna ilivyowasiliana na wateja na kutoa programu mbadala, lakini kanuni ya kuzuia haikuachwa. Mahakama inaweza kusema ganda ni lako. Chipu inaweza kukujibu kwamba ni lako lakini halitafanya kazi.

Hadi hapa tumezungumzia wenye katriji, mawakili na wahandisi. Wapo wengine ambao hawakuwahi kualikwa katika kesi yoyote. Februari 2002 mashirika mawili ya Marekani, Basel Action Network na Silicon Valley Toxics Coalition, yalitoa ripoti kuhusu mji wa Guiyu katika jimbo la Guangdong, kusini mwa Uchina. Humo walieleza na kupiga picha taka za kielektroniki zilizotoka nchi tajiri, nyingi zikiwa zimekabidhiwa kwa jina la urejelezaji. Miongoni mwa kazi walizoziona ilikuwa ya kupasua katriji kwa bisibisi na kufagia mabaki ya tona kwa brashi na mikono mitupu hadi kwenye ndoo, wafanyakazi wakiwa wamegubikwa na wingu jeusi, bila kinga yoyote ya maana ya pumzi.

Tona si masizi ya jikoni. Ni chembechembe za plastiki zilizosagwa laini mno, zikachanganywa na kaboni nyeusi au oksidi ya chuma. Ukubwa wa chembe moja ni sehemu chache tu za elfu za milimita, hivyo huelea hewani kwa muda mrefu na kuvutwa kifuani kwa urahisi. Kaboni nyeusi iliorodheshwa mwaka 1996 na Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani kuwa huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Unga huo ukirushwa kwa wingi karibu na moto huweza hata kulipuka. Karani wa ofisi ya nchi tajiri aliyetupia katriji kwenye boksi la kijani alilala usingizi mwema, na mwanamke wa Guiyu akaamka na makohozi meusi.

Afrika ilikuwa imeonja somo hilo mapema. Mwaka 1988 iligunduliwa kwamba maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yalikuwa yamehifadhiwa katika kiwanja cha mtu huko Koko, Nigeria. Kashfa za aina hiyo ndizo zilizozaa Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ulioanza kutumika mwaka 1992. Nchi za Afrika ziliuona ni mlegevu, zikatunga wa kwao huko Bamako mwaka 1991, unaopiga marufuku uingizaji wa taka za sumu barani. Mikataba ipo. Hata hivyo, kifaa kinachoingia bandarini kama mtumba hugeuka taka mara kinapogoma kuwaka.

Sasa tujiulize: katika historia yote hii, ni wapi ambapo mazingira yalipata nafuu kubwa? Jibu langu ni Indonesia. Huko, kama kwetu, bei ya katriji asili haikulingana na kipato cha mwenye kibanda cha kuchapishia. Mafundi wakawa wanazitoboa printa za kawaida, wanaunganisha vimirija vya mpira na matangi ya wino yaliyokaa nje, na mashine inachapisha maelfu ya kurasa bila kubadili katriji. Kampuni ya Epson, iliyokuwa ikiuza printa nyingi na wino kidogo, ilikuwa na uchaguzi wa kuwapiga vita au kujifunza kwao. Oktoba 2010 ilianza kuuza, kwanza nchini Indonesia, printa yenye tangi lililojengewa ndani na wino wa kumimina kutoka kwenye chupa. Printa iliuzwa ghali zaidi, wino rahisi zaidi. Mwaka 2015 printa hizo zilifika Marekani, na leo zimejaa katika steshenari zetu.

Matangi nayo yana kasoro zake. Sifongo inayonyonya wino wa ziada hujaa na kuisimamisha mashine, na plastiki ya printa bado ni plastiki. Lakini chupa moja ya wino hufuta haja ya katriji nyingi, kila moja na kichwa chake, chipu yake na boksi lake. Taka iliyo rahisi kuliko zote kuirejeleza ni ile ambayo haikutengenezwa. Na somo hilo halikutoka katika mpango wa kukusanya maganda. Lilitoka kwa mafundi wa mitaani waliokataa kukubali kwamba chombo kizima ni taka.

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo tufanye hesabu bila upendeleo. Tathmini zilizogharamiwa na watengenezaji zimeelekea kuonyesha kwamba katriji iliyojazwa upya haina faida kubwa kwa mazingira, na zile za wajazaji zimeonyesha kinyume. Fumbo lake ni karatasi. Kutengeneza karatasi kunagharimu mazingira kuliko katriji yenyewe, hivyo katriji mbovu inayoharibu kurasa nyingi hula akiba yote iliyopatikana kwa kuijaza. Aliyejaza vizuri ameokoa. Aliyejaza vibaya ameongeza hasara. Vilevile, adui wa mjazaji leo si kampuni kubwa tu. Katriji mpya za bei ya chini mno, zinazoiga za asili na kutumika mara moja, zimefanya kazi ya kujaza isilipe, na maganda yake mara nyingi hayana wa kuyapokea.

Ukubwa wa tatizo tunaujua. Ripoti ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi. Kwa Afrika, kiwango hicho hakikufika asilimia 1. Katriji ni sehemu ndogo ya mlima huo, lakini ni sehemu ambayo serikali inaweza kuigusa haraka, kwa sababu serikali yenyewe ni mchapishaji mkubwa.

Sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za taka za umeme na elektroniki za mwaka 2021. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka, imeingiza wajibu wa mzalishaji kuishughulikia bidhaa yake hadi mwisho wa maisha yake. Kinachohitajika ni kuzisoma sheria hizo kwa mwanga wa historia tuliyoipitia. Nina mapendekezo matatu.

Kwanza, zabuni za umma zipime gharama ya ukurasa mmoja badala ya bei ya printa, na zisikatae katriji iliyojazwa upya kwa sababu tu haikutoka kwa kampuni asili. Zikatae iliyojazwa vibaya. Pili, mjazaji wa wino wa mtaani atambuliwe kuwa mtu wa mazingira, apewe mafunzo, barakoa ya vumbi laini na mashine ya kufyonzea unga, na akatazwe kukung'utia tona barabarani. Kumfukuza ni kuhamishia Guiyu uchochoroni. Kumwacha alivyo ni vilevile. Tatu, mwagizaji atakayetakiwa kukusanya maganda asiruhusiwe kuyasaga kabla hayajapimwa kama yanaweza kujazwa, na asiruhusiwe kuuza hapa printa inayokataa ganda lililojazwa.

Kuna watakaosema haya ni mambo madogo mno kwa taifa lenye njaa na madeni. Ninawaomba watazame tena. Swali la nani mwenye ganda tupu ndilo swali la nani mwenye trekta ambalo mkulima haruhusiwi kulifungua, na la simu ambayo fundi wa Kariakoo hawezi kuibadilishia kipuri bila kibali cha mtu aliye ng'ambo. Tukikubali kwamba tunaweza kununua kitu bila kukimiliki, tutaendelea kulipia wino wa wengine na kuzika plastiki yao katika ardhi yetu. Na hakuna hotuba ya kurejeleza itakayotuokoa na hilo.